Mume Wangu Alipoitwa Kortini

Mume wangu alikuwa dresa. Siku hizo, katika miaka ya hamsini, dispensari nyingi za vijijini huku pwani ya Tanga hazikuwa na daktari. Zilikuwa na dresa, mtu mmoja aliyefundishwa kusafisha vidonda, kutoa vidonge vya homa, kuchoma sindano, na kujua ni mgonjwa gani wa kupakiwa kwenye gari apelekwe hospitali mjini. Watu walimwita daktari. Yeye kila mara aliwaambia, "Mimi dresa tu," lakini hakuna aliyemsikia. Yetu ilikuwa dispensari ya vyumba viwili, katika kijiji kimoja kaskazini ya Tanga, upande wa kuelekea Moa. Nyumba ya kuishi ilikuwa nyuma yake kabisa. Nikiwa uani napika, nilisikia watoto wanalilia sindano na mume wangu anawabembeleza.

Sindano zilikuwa nyingi wakati ule kwa ajili ya buba. Ugonjwa ule wa vidonda ulikuwa umewatesa watu wetu miaka na miaka, na sasa ilikuwa imekuja penisilini, dawa inayokausha vidonda mpaka watu wakastaajabu. Mtu aliyekuja akichechemea alionekana baada ya juma moja anatembea sawasawa. Mume wangu aliipenda kazi ile. Tukila aliniambia, "Leo nimemwona fulani, mguu umefunga kabisa," na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa zawadi.

Aliyekufa alikuwa mkwezi wa minazi. Kijiji kizima kilimjua, kwa kuwa hakuna nyumba ambayo hakuiangulia nazi, na hata kwetu alikuwa amepanda siku chache nyuma. Alikuwa kijana mwenye mabega mapana na maneno ya mzaha. Mke wake alikuwa na mimba changa. Alikuwa na kidonda cha buba chini ya goti kilichomsumbua akipanda, naye alikwisha kuchomwa sindano moja, akapata nafuu, na siku ile alikuja kwa ya pili.

Ilikuwa asubuhi. Nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi ya mchuzi nikasikia benchi linaanguka, kisha sauti za watu wanaotoka mbio. Nikainuka na machicha mikononi. Mlangoni nilipishana na wanawake wamebeba watoto wao, wanakimbia bila kutazama nyuma. Ndani walibaki watu wawili tu. Mkwezi alikuwa chali sakafuni, midomo imemvimba, shati limelowa jasho. Mume wangu alikuwa amepiga magoti, ameinama mpaka uso wake unagusa sikio la yule mtu. Nilidhani anasikiliza pumzi. Nikasimama pale, nisijue nishike nini. Baadaye akajiinua polepole, akamfumba macho, akaniambia, "Ameshakwenda."

Jumbe wa kijiji alipeleka habari polisi, na mchana likaja gari kutoka Tanga na inspekta ndani yake. Mtu akifa namna ile, alisema, sheria inataka daktari mkubwa aipime maiti ijulikane kilichomuua, kisha shauri lisikilizwe kortini. Jamaa wakaelewa maana yake, kwamba maiti itapasuliwa. Kwetu maiti haisubiri. Mtu akifa asubuhi, jioni amezikwa. Mama wa marehemu alishika ubao wa nyuma wa gari akalia, "Mwanangu msimkate! Amekwisha kufa, mnamkatia nini?" Iliwabidi wanawe wengine waifungue mikono yake kidole kimoja kimoja.

Kabla ya kuondoka inspekta alimwita mume wangu kando. Nilikuwa karibu, nikasikia. "Mpaka siku ya korti, usizungumze habari hizi na jamaa za marehemu wala na mtu yeyote. Umeelewa?" Mume wangu akasema ameelewa. Alikuwa mtu wa kushika amri. Aliishika ile mpaka ikamdhuru, kwa sababu hata mimi mkewe hakunieleza kitu.

Maiti ilirudishwa kesho yake na kuzikwa jioni. Mume wangu hakwenda kuzika. Alisimama mlangoni kwetu, kofia kichwani, kanzu amevaa, akatazama jeneza linavyopita mpaka likapotea nyuma ya minazi. Kisha akaingia ndani akavua ile kanzu. Nami nilijua watu wamekwisha kumtazama na kumhukumu. Kijijini mtu asiyefuata jeneza la jirani yake ana jambo.

Siku ya tatu niliamua kwenda matangani mwenyewe. Mimi hakuna aliyenikataza. Nilipika wali, nikaupakua siniani, nikaufunika, nikajitanda kanga, nikaenda. Wanawake walikuwa wamejaa chumbani juu ya majamvi. Nilipoingia nikasema, "Makiwa." Kila mtu wa pwani anajua kwamba ukisema makiwa hujibiwa yamepita. Hakuna aliyenijibu. Mmoja aliivuta miguu yake kama anayeogopa nisiiguse. Sinia lilikuwa zito, na hakuna aliyenyoosha mkono kunipokea.

Mama wa marehemu alikuwa pembeni, ameegemea ukuta. Akasema kwa sauti ya chini, "Mpisheni akae. Amekuja kwa miguu yake."

Wakasogea. Nikakaa karibu naye. Tukakaa vile mpaka wale wengine wakaanza tena mazungumzo yao ya kunong'ona, ndipo akaniinamia.

"Mke wa dresa, nikuulize."

"Niulize, mama."

"Mwanangu alikufa na shahada?"

Sikujua. Mwislamu anapokata roho, jamaa zake humtamkisha shahada ili neno lake la mwisho liwe hilo, na mama huyu alikuwa hana amani kwa kufikiri kwamba mwanawe alikufa sakafuni kama mtu asiye na watu. Nikamwambia kweli, "Sijui, mama. Nilifika amekwisha."

Akatikisa kichwa, asinilaumu. Nilirudi nyumbani nikamuuliza mume wangu. "Nimekatazwa kuzungumza," akasema. Nikakasirika, nikamwambia mimi si mtu wa njiani. Akatoka akaenda kukaa dispensari.

Dispensari yenyewe ilikuwa tupu. Kila asubuhi aliifungua, akafagia, akachemsha sindano zake, akakaa. Hakuja mtu. Wenye homa walipita mbele ya mlango wetu wakaenda kungojea basi la kwenda mjini. Mwanamke mmoja aliyejikata kwa jembe alijifunga majani, na mguu wake ukaoza kidogo, lakini hakuja. Mume wangu alimwona akipita anachechemea. Alirudi mchana ule, akakaa mbele ya chakula, akakisogeza mbali.

Sasa niseme habari za wifi yangu, dada wa mume wangu, kwa maana bila yeye sijui tungefikia wapi. Alikuwa mkubwa wake, mjane, mkunga katika hospitali mjini Tanga, na alikuwa na nyumba yake Ngamiani. Mimi na yeye hatukuwa tunapatana. Alikuwa amemchagulia ndugu yake msichana mwingine, wa mjini, aliyesoma, na ndugu yake akanioa mimi mtoto wa shamba. Kila alipotutembelea alifunua vyungu vyangu na kunusa. Kwa hiyo nilipomwona siku ile anashuka katika basi, na mwavuli wake na kikapu, nilisema moyoni, amekuja kuniambia kwamba mkosi nimeuleta mimi.

Nikampokea kikapu. "Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Anakula?"

"Hali."

"Analala?"

"Anajilaza tu, macho ameyakodoa."

"Anasema nini?"

"Hasemi. Kakatazwa na polisi."

Akavua viatu vyake, akaketi kwenye mkeka uani, akauvuta ungo wangu wa mchele akaanza kuchagua mawe. Sikuwahi kumwona akifanya kazi kwangu. Akasema, "Habari nilizipata sokoni, kwa watu. Ndugu yangu mwenyewe hakuniletea. Najua kwa nini. Mimi pia sikumletea mtu habari yaliponifika yangu." Kisha akanieleza, huku vidole vyake vinakwenda kwenye mchele.

Miaka ya nyuma, akiwa mkunga mgeni, mama mmoja alimfia mikononi baada ya kuzaa. Damu ilitoka ikakataa kusimama. Daktari aliitwa akachelewa, na wifi ndiye aliyeitwa kortini aeleze. Hakuna mtu wa hospitali aliyemsindikiza. Walimkwepa hata ndani ya wodi, si kwa ubaya, walimwogopea na kujiogopea. Alikwenda peke yake, akajibu maswali peke yake, akaambiwa hana kosa, akarudi nyumbani peke yake. Akapika wali, ukaiva, akaumwaga wote nje. "Kuambiwa huna kosa ni jambo jema," alisema. "Lakini nililisikia kama mtu anayeambiwa habari za mwingine. Ningemwona mtu mmoja tu ninayemjua mle ndani, labda lingeingia."

Toka siku ile, nesi au mkunga yeyote katika wodi yake akiitwa kortini kwa ajili ya mgonjwa aliyekufa, wifi aliomba ruhusa akaenda naye. Matroni mwanzoni alimkatalia. Baadaye alizoea, akawa yeye mwenyewe ndiye anayemwambia, fulani ameitwa, utakwenda?

Nikamtazama yule mwanamke ambaye nilimwogopa tangu siku ya harusi. Sikujua kwamba alikuwa na moyo wa namna hiyo, na yeye hakujitahidi kunionyesha. Alisukuma ungo kwangu. "Samansi ya korti ikija," alisema, "mje kwangu mapema. Asiondoke hapa na kuingia kortini moja kwa moja, na vumbi la njiani."

Samansi ililetwa na askari. Tukafunga dispensari, tukapanda basi, tukaenda Ngamiani.

Kule ndipo nilipojua mume wangu alikuwa amebeba nini. Wifi alimkalisha uani kwenye kigoda, yeye akakaa kitini mbele yake, mimi nikawa natwanga karafuu na pilipili manga kando yao. Akamwambia, "Mimi ni hakimu. Niambie yule mtu alikufa kwa nini."

Mume wangu akajibu, "Nilimuua."

Mchi ulinisimama mkononi. Wifi hakushtuka. "Ulimuua kwa nini?"

"Kwa sindano. Aliingia mzima, nikamchoma, akafa. Nitasema nini tena? Nitakwenda niseme hivyo hivyo, wanifunge, yaishe."

"Sindano ilikuwa chafu?"

"Niliichemsha."

"Dawa ilikuwa si yenyewe?"

"Ile ile ninayotumia kila siku. Asubuhi ile nilikwisha kuchoma watu wengine kwa dawa hiyo hiyo."

"Ulimpa nyingi?"

"Hapana, dada."

"Basi umejuaje kwamba umemuua wewe?"

Kisha akaanza kulia. Nilikuwa sijawahi kumwona mume wangu akilia, nami nikainuka nimwendee, wifi akanizuia kwa mkono. Alimwacha alie mpaka akamaliza, kisha akamwambia taratibu, bila ukali.

"Sikiliza, mdogo wangu. Korti ile si ya kushitaki mtu. Wanataka kujua nani amekufa, wapi, na kwa sababu gani. Sababu ataisema daktari aliyeipima maiti. Hiyo ni kazi yake, wewe huijui. Wewe una habari za macho yako na mkono wako, basi. Ulichokiona, kiseme. Ulichokifanya, kiseme. Usichokijua, sema sijui. Huzuni yako ni yako, hakuna atakayekunyang'anya, lakini usiigeuze ushahidi. Ukisema umemuua na hukumuua, umesema uongo mbele ya Msahafu."

Neno la uongo ndilo lililomkamata. Alikuwa mtu wa dini. Akajifuta uso kwa kiganja. "Basi niulize tena," akasema.

Akamuuliza tena. Mara nyingine alijibu vizuri, mara nyingine alirudi kulekule, "nilimuua," na wifi akamrudisha kwa uvumilivu kama anayemfundisha mtoto kusoma. Alipofika pale mtu alipoanguka, mume wangu aliniangalia, akaishia hapo. Wifi akasema, "Hapo tupaache. Hapo utapasema kule." Nilimshangaa. Baadaye jikoni aliniambia kwamba mtu akirudia jambo kama lile mara nyingi nyumbani, siku ya korti linatoka likiwa kavu, na watu hawaliamini.

Mume wangu alitaka kwenda na kanzu. Wifi akakataa, akasema aende na nguo zake za kazi, za kaki, kwa sababu anaitwa kwa habari za kazi. Nilizipiga pasi ya mkaa mpaka mikunjo ikasimama. Wifi naye alivaa sare yake nyeupe ya ukunga. "Ili akitazama huku aone mtu wa kazi moja naye," alisema. Nami nikajifunika buibui lake la pili, maana langu lilikuwa limechakaa, na yeye aliliona kabla sijasema.

Kortini watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Hakimu alikuwa Mzungu mwenye nywele za mvi, na kando yake mkalimani, kijana wa Tanga mwenye sauti safi. Upande mmoja walikaa jamaa za marehemu: mama yake, kaka yake, na wazee wawili wa kijiji. Mjane hakuwepo, alikuwa katika eda. Sisi tulikaa upande wa pili. Kati yetu palikuwa na nafasi tupu ambayo hakuna aliyeikalia, ingawa watu wengine walisimama ukutani.

Kwanza alisimama kaka wa marehemu. Akasema ndugu yake aliondoka nyumbani mzima, amekula, amemtania mkewe, na wakaletewa habari kwamba dresa amemuua. Hakimu akamuuliza kama aliona mwenyewe. Akasema hakuona. Akauliza kama kulikuwa na ugomvi kati yao. Akasema hapana, dresa alikuwa mtu mwema kwao siku zote, na ndiyo maana hawaelewi.

Akafuata daktari aliyeipima maiti, Mhindi mfupi mwenye miwani. Alieleza kwamba mwili wa mtu mmoja kati ya wengi huikataa penisilini. Mara ya kwanza huipokea vizuri, na mara ya pili huikataa kwa nguvu, koo likavimba, moyo ukashindwa, kabla mtu hajajua la kufanya. Hakuna awezaye kumtambua mtu huyo kwa kumtazama. Hakimu akauliza kama kuna dawa ya kumwokoa. Daktari akasema ipo, lakini haipelekwi katika dispensari ndogo. Kisha akasema jambo ambalo hakuulizwa. Alimgeukia mume wangu, akasema kwa Kiswahili chake, "Hata mimi ningemchoma sindano hiyo hiyo." Hakimu akamtazama, lakini hakumkemea.

Kisha mume wangu akaitwa. Aliapa kwa Msahafu. Sauti yake mwanzoni haikutoka, mkalimani akamwomba arudie. Nilimwona akitafuta kwa macho, akamwona dada yake na sare yake nyeupe, akamwona na mimi. Akaanza tena. Alisema jinsi alivyochemsha sindano, dawa gani, kiasi gani, alimchoma wapi. Aliulizwa kama alimuuliza marehemu juu ya sindano ya kwanza. Akasema ndiyo, na marehemu alimjibu kwamba ilimfaa, na kwamba akipona atapanda minazi yote ya serikali bure. Watu wakacheka kidogo, hata wa upande ule, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa akizungumza yule mtu.

"Alipoanguka, ulifanya nini?"

"Nilimlaza chali. Nilimfungua shati. Niliinua miguu yake juu ya benchi. Nilimpepea. Nilimwita jina lake."

"Halafu?"

"Halafu nilimwita tena."

Hakimu akangoja. Mkalimani naye akangoja.

"Nilipoona pumzi zinakatika, na sina dawa nyingine, na watu wote wamekimbia, nilimwinamia sikioni nikamtamkisha shahada. Nilimtamkisha mpaka mwisho wake. Sikutaka afe bila mtu wa kumwambia."

Mkalimani hakutafsiri mara moja. Aliinamisha kichwa kwanza. Alipotafsiri, hakimu aliandika kitu, na mama wa marehemu akatoa sauti moja ndefu, kisha akajifunika uso kwa mtandio.

Nami nilikuwa nimekaa nikikumbuka nilivyomwona amepiga magoti, uso sikioni. Jibu alilolitaka yule mama lilikuwa nyumbani kwangu siku zote zile, limefungwa na amri ya inspekta.

Hakimu hakuchukua muda. Alisema mtu yule alikufa kwa dawa iliyokataliwa na mwili wake, kwamba ilikuwa ajali, na hakuna wa kulaumiwa. Akasema pia dawa ile ya kuokoa ingefaa kupelekwa vijijini. Mkalimani akatafsiri yote. Mpaka tunahama kijiji kile dawa hiyo haikuwa imefika.

Nje, jua lilikuwa kali. Wifi alitushika mkono mmoja mmoja, yeye kati, akataka tuondoke upesi, kwa sababu alijua jinsi jamaa wanavyoweza kuwa na uchungu. Lakini yule mama alitufuata. Wanawe walimwita, asigeuke. Akasimama mbele ya mume wangu, mfupi mbele yake, akamtazama juu.

Mume wangu akasema, "Shikamoo, mama."

Hakuitikia shikamoo. Akauliza, "Aliitikia?"

Nikaomba Mungu aseme ndiyo. Ningekuwa mimi ningesema ndiyo. Mume wangu akafikiri, akasema, "Midomo yake ilicheza, mama. Sauti sikuisikia."

"Ilicheza?"

"Ilicheza."

"Basi," akasema. Akakaa palepale kwenye ngazi za korti. Wifi akaketi kando yake bila kuambiwa, na sare yake nyeupe juu ya vumbi, akamshika mgongo. Walikaa vile kwa kitambo. Kaka wa marehemu alisimama mbali kidogo na sisi, hakutukaribia wala hakutufukuza. Mwisho alikuja akamwinua mama yake, na alipopita karibu na mume wangu akasema, "Haya, dresa."

Ningependa kusema kwamba tuliporudi mambo yalikuwa kama zamani. Hayakuwa. Watu walianza kuja dispensari, kwanza wachache, na yule mwanamke wa jembe akiwa miongoni mwao, mguu wake umefura. Mume wangu alimsafisha kidonda kila siku mpaka kikapona. Alitoa vidonge, alifunga majeraha. Lakini sindano, kila alipoishika, aliirudisha sahanini. Waliohitaji sindano aliwapeleka mjini. Nilimwandalia uji, nilimsemesha, nilimnyamazia, kila namna niliyoijua. Mjane wa mkwezi alijifungua mtoto wa kike salama, kwa mkunga wa kijijini, nasi tulimpelekea nguo za mtoto naye akazipokea. Hata hilo halikuufungua mkono wa mume wangu.

Wifi ndiye aliyesema aombe uhamisho. Si kukimbia, alimwambia, ila aende mahali penye wenzake, asiwe peke yake chumbani na mgonjwa. Akaomba, akakubaliwa, tukahamia Muheza. Kule walikuwa madresa watatu. Mmoja wao, mtu mzima, mnene, mpole, alielezwa habari zake, naye kila ilipotokea sindano alikuja akasimama karibu na mume wangu, asishike kitu, asiseme kitu. Sindano ya kwanza aliyoichoma ilikuwa ya karani mmoja wa reli. Karani akashukuru akaenda zake, na mume wangu akatoka nyuma ya jengo akaketi chini ukutani. Yule mwenzake akamletea maji. Ya pili ilikuwa nafuu. Baada ya miezi alikuwa akichoma kama zamani, ingawa alikuwa haifurahii tena kazi ile kama alivyoifurahia kwanza.

Na mimi na wifi? Tuliendelea kugombana juu ya mapishi mpaka alipokuwa mzee. Lakini kila nilipokwenda Tanga nililala kwake, na alipoumwa, ni mimi niliyekwenda kumuuguza. Alinifundisha mambo mengi ya watu waliofiwa na wagonjwa wao. Aliniambia usimwambie mtu wa namna hiyo asahau. Muulize kama amekula.

Mume wangu alibaki na desturi moja mpaka alipostaafu. Akimchoma mtu sindano, hakumwacha aondoke. Alimkalisha kwenye benchi lililokuwa mbele ya meza yake, akaanza kumuuliza habari za machungwa, bei za safari hii, mvua, watoto, nani kaoa nani kaachika, na huku anamtazama midomo na kifua. Waliokuwa na haraka walinung'unika kwamba dresa huyu anawachelewesha kwa porojo. Muheza nzima ilimjua kuwa mtu wa maneno mengi. Mimi nikisikia hivyo nilicheka, kwa sababu nyumbani alikuwa mkimya, akirudi jioni anakaa barazani na kikombe chake cha kahawa, asitake kuulizwa neno.